Kipimo cha Ndoo

Mimi huhesabu kwa ndoo.
Ndoo moja ya kokoto, hapa Mabatini, ni mia tano
mnunuzi akiwa na haraka,
mia tatu akigundua una njaa.
Kwa hiyo ukiniuliza bei ya kikohozi
sikutajii shilingi.
Nakwambia: ndoo nne, na foleni hakuna.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kilichoegemea jiwe,
jiwe linaloizidi nyumba kimo, kama yalivyo mawe yetu,
na mlango wa kijani uliovimba kwa mvua
hata lazima uusukume kwa bega.
Ndani, kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya,
mizani ya watoto, feni isiyozunguka,
na maandishi ya mkono kwenye kipande cha boksi:
NUSU DOZI HAIUZWI. USINIOMBE.

Nyanjige alikuwa muuguzi Sengerema
mpaka miguu ikakataa wodi.
Sasa yeye huketi, sisi ndio tunaotembea.
Kidole changu hiki amekichoma mara nne.
Tone la damu, kijiplastiki cheupe, robo saa ya kungoja,
tunajadili bei ya sato na mume wa nani karudi kutoka Geita.
Kisha: "Mstari mmoja. Huna malaria, mama. Una vumbi."
Akaniuzia kitambaa cha kuziba pua,
akaninyima dawa niliyoifuata.

Nilikasirika.
Nilivitaka vile vya rangi mbili,
alivyomeza shemeji akaamka mzima.
"Vile si pipi," akasema. "Ukivizoesha kuja bure,
siku ya shida utaviita, havitaitika."
Nikaondoka nikinung'unika njia nzima.
Kikohozi kilikaa siku tano, kikajiondokea
kama mgeni aliyeona hapikiwi.

Kule juu kilimani iko hospitali kubwa,
usiku taa zake tunaziona tukiwa tumelala.
Siisemi vibaya.
Ilinizalisha Bulugu kwa kisu, tukatoka wawili wazima.
Lakini kuipandia kwa mafua
ni kuwaita zimamoto waje wazime koroboi.
Nauli, kadi, benchi, jua linapinduka,
na huku nyundo imelala juu ya jiwe
na ndoo zimekaa midomo wazi.

Mwezi wa tano, usiku,
nilimleta Bulugu mgongoni.
Homa tu, nilidhani. Nilikuwa na noti za ndoo tano,
nimezifunga kwenye pindo la khanga.
Nyanjige akamfunua kifua.
Hakuniuliza kitu. Alitazama saa yake,
akatazama mbavu zikizama, zikizama,
dakika nzima, midomo yake ikihesabu.
Kisha akanirudishia noti zangu mkononi.
"Huyu si wangu."

Sijawahi kusikia muuza duka akisema hivyo.
Akafunga, mlango ukagoma kama kawaida yake,
akapiga kelele hadi bodaboda akaamka,
akaandika kwenye kikaratasi: saa nne na robo,
pumzi hamsini na nane, joto thelathini na tisa na nusu.
Nauli akaitoa kwenye droo.
"Ukifika usianze kueleza. Mpe hii."

Nilimpa. Yule daktari kijana alisoma mstari mmoja
akaanza kukimbia.

Bulugu sasa anapanda mawe akinitupia maneno kutoka juu.
Nauli ile ilikuwa ndoo sita.
Nilimlipa Nyanjige kwa ndoo za kweli,
nikazimwaga mlangoni pake, pale maji yanaposimama,
moja moja, yeye akihesabu kutoka kitini.
"Zimezidi mbili," akasema,
akafungua daftari la wadaiwa
akajiandika mwenyewe.

Deni hilo sijalidai.
Ila nikipita, mzima wa afya,
husukuma mlango kwa bega
nikachungulie kama bado limo.